Shukrani Imenifungia Kiamunyi

Mpendwa Auntie Rhoda,

Jumatatu asubuhi natakiwa kuwa Njoro, kwenye bakery iliyo karibu na chuo kikuu, nimekata kucha na kufunga aproni. Wamenipa kazi. Nimepata na chumba huko nyuma ya soko, kidogo, cha mabati, lakini dirisha lake linafunguka. Leo ni Ijumaa, na hadi saa sita mchana nilikuwa sijamwambia Mama Kelvin, ambaye nimeishi kwake tangu nitoke makao ya watoto. Kila nikienda kumwambia, mdomo unafunguka vizuri tu, halafu kinachotoka ni, "Mum, nikuongezee chai?"

Najua ungeshika kiuno, ucheke, halafu uniulize, "Na wewe Faith, ulimi umeuacha wapi?" Sina wa kuniuliza hivyo sasa. Umelala kaburini kwenu Molo, huu mwaka wa pili. Nakuandikia hivyo hivyo, kwa sababu katika watu wazima wote walionilea kule makao wewe peke yako ndiye ulijaribu kunifundisha namna ya kutoka.

Unakumbuka Jumamosi zetu za wageni? Tunaogeshwa mapema, tunapakwa mafuta mpaka magoti yanang'aa, tunapangwa kwenye ngazi za ukumbi, wadogo mbele. Wageni wanashuka na unga, sukari, miche ya sabuni. Sisi tunaimba. Kulikuwa na wimbo wa kuwakaribisha, wa kuwashukuru, na wa kuwatakia safari njema, na mimi ndiye nilikuwa naanzisha, kwa sababu nilikuwa na sauti na pengo la mbele ambalo wageni walilipenda sana. Nilijua kushukuru kwa Kiswahili, Kiingereza, Kikuyu na Kikalenjin kabla sijajua kufunga kamba za viatu.

Siku moja mama mmoja aliniletea gauni la rangi ya waridi. Lilinibana kwapani hata mkono haukuinuka. Akaniuliza kama limenitosha, nikasema limenitosha, nikaimba nalo mpaka gari lao likatoka. Ni wewe uliyenivua jioni hiyo ukaona ngozi imechubuka. Hukunigombeza. Ulienda kutafuta mkasi, ukafumua mishono huku unanung'unika peke yako kwa Kikuyu, na sikujua ni nani ulikuwa umemkasirikia.

Katika mwaka wetu wa mwisho wewe ulianza kutuchukua mmoja mmoja siku zako za mapumziko. Haikuwa kazi yako na hakuna aliyekutuma. Uliona tu kwamba tukifika miaka kumi na minane tunapewa godoro, begi na maombi, geti linafunguliwa, na kati yetu hakuna anayejua hata chumvi inauzwa kwa kipimo gani. Kwetu sisi chakula kilitoka kwenye sufuria kubwa na nguo zilitoka kwenye gunia. Wewe ukanipeleka soko la Njoro ukasema, "Leo unanunua nyanya. Mimi natazama."

Mama wa nyanya akataja bei, mimi nikamnyooshea pesa zangu zote na kumwambia, "Asante sana mum, Mungu akubariki na akuzidishie." Wacha we! Ulinivuta kwa sweta mpaka nyuma ya kibanda.

"We Faith. Huyo si mfadhili. Anauza nyanya."

Ukanirudisha. Ukanielekeza nikunje uso, niseme ni ghali, nianze kuondoka. Uso niliukunja vizuri. Ni kuondoka kulinishinda. Nilipiga hatua mbili, nikaona nimemuumiza, nikarudi nikanunua na vitunguu. Ulisema huyu mtoto anahitaji kurudi hapa mara nyingi, na ni kweli, lakini wiki zilizokuwa zimebaki zilikuwa chache.

Sasa wacha nikwambie kuhusu Mama Kelvin, na sitaki kumsengenya. Alikuwa mmoja wa wale wageni wa Jumamosi. Nilipotoka makao, wenzangu wengine wakilala kwa marafiki na wengine kwenye steji ya matatu, yeye alikuja na gari lake, akanileta hapa Kiamunyi, akanilipia kozi ya upishi. Nina kitanda na blanketi nzito. Nakula mezani pamoja nao. Hajawahi kuninyanyulia mkono wala kunitukana. Aliniambia nisimwite madam, nimwite mum.

Siku nilipomaliza kozi aliniagizia keki. Alilia mbele ya watu, akasema, "Sasa hapa ni kwenu." Kesho yake msichana wa kazi aliambiwa asirudi.

Hakuna aliyenikalisha chini tukazungumza. Niliamka tu nikapata mimi ndiye wa uniform za watoto, wa kupika, wa kuogesha shosho, mama mkwe wake, wa kukimbilia geti likipigiwa honi. Miaka imeenda. Nikihitaji kitu naomba, na hunipa, tena kwa roho safi. Mshahara ningeuombaje? Nani anamdai mama yake mshahara? Wageni wakija ananiita sebuleni anishike bega: "Huyu ndiye Faith wetu. Tulimtoa home ya watoto, na mkimuona mtadhani ni wa hapa." Nami nasimama hapo na trei, meno yote nje.

Kinachonitesa, Auntie, ni kwamba geti halina kufuli. Ningekuwa nimefungiwa ningepiga nduru na majirani wangekuja. Jirani nitamwambia nini? Kwamba nakula, nalala, nimesomeshwa, na nashindwa kupumua? Nikijisikiliza naona nina utovu wa adabu. Basi nanyamaza na kuosha sahani, na mwaka mwingine unapita.

Ulipofariki nilipigiwa simu nikiwa naanika nguo. Niliingia ndani nikasema, "Mum, Auntie Rhoda amefariki. Anazikwa Alhamisi." Hilo ndilo lilikuwa ombi langu lote. Mama Kelvin aliacha kila kitu, akanikumbatia, akaniombea palepale sebuleni. Alipomaliza kuomba akasema, kwa upole kabisa, kwamba Alhamisi ndiyo chama chake cha kina mama kinakuja kwake, na bila mimi hata hajui angeanzia wapi. Nikamwambia asante. Kwa nini nilisema asante, sijui mpaka leo. Wakati wanakushusha kaburini mimi nilikuwa nakaanga samosa za kina mama kumi na kitu, na mmoja wao alinisifu kwamba zimeiva vizuri. Nilimkasirikia huyo mama, nikakukasirikia hata wewe kwa kufa katikati ya wiki. Lakini zaidi nilijikasirikia mwenyewe.

Leo nimemwambia. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, yeye amekaa jikoni anaangalia simu, mimi niko kwenye sinki nimempa mgongo. Nilisema haraka haraka nisije nikaishia katikati. Kazi, Njoro, chumba, Jumatatu.

Akauliza nyuma yangu, "Tumekukosea wapi?"

"Hamjanikosea, mum."

"Ni sawa basi," akasema, na nilisikia anajikaza. "Mungu ni mwema, hata sitabaki bila mtu. Kuna msichana anatoka home Disemba, nilikuwa nimeshaambiwa. Naomi. Wewe kaa mpaka hapo umfundishe kazi za nyumba, umuonyeshe na dawa za shosho, halafu tutaona mambo ya Njoro."

Naomi, Auntie. Yule tuliyemkuta akiwa kichanga, amelazwa kwenye veranda ya ofisi, ambaye ulinifungia mgongoni nimbembeleze nikiwa bado mtoto mwenyewe. Nilimuona mwaka jana tulipopeleka unga. Amekuwa mrefu, na ndiye anaanzisha nyimbo siku hizi. Alinishukuru mpaka nikatazama pembeni.

Nilisikia "sawa, mum" imeshafika kwenye ulimi. Imekaa hapo miaka mingi, inajua njia. Nikageuka na mikono yangu yenye povu.

"Hapana, mum. Sitamfundisha. Na Jumatatu naenda."

Sijui kama sauti ilikuwa kubwa au ndogo. Aliweka simu mezani. Nilingoja anifokee, na naapa ningeshukuru kama angenifokea. Aliniangalia tu kama mtu ambaye hajaelewa, na hakuwa anaigiza.

"Faith, mwanangu. Uende kwa nani? Wewe huna mtu."

Na ni kweli. Nilitafuta jina la kumpa. Watu wengine wakiulizwa hivyo wana shangazi kule Bahati, wana mjomba kule Gilgil, wana hata binamu wasiyempenda. Mimi nilipekua kichwa chote nikakuta kaburi moja Molo. Makao hayampokei aliyekwisha kutoka. Nilisimama hapo maji yananidondoka kwenye viatu, na nilikaribia sana kumwambia nitabaki.

"Kwangu," nikasema.

Hilo neno nimelisikia kwa kila mtu tangu nizaliwe na sikuwahi kuliweka mdomoni mwangu. Hata yeye alishtuka. Aliinuka, akaniambia nimalize vyombo. Na nilivimaliza, Auntie, usinicheke, kwa sababu sinki lilikuwa limejaa na sikujua mtu akishasema hivyo anafanya nini tena. Hadi sasa hajaniongelesha. Nasikia anaongea na simu chumbani, anasema "baada ya yote tuliyomfanyia," na kila akisema hivyo natamani kwenda kumpigia magoti. Jumamosi yote iko mbele yangu, na Jumapili kanisani, watu watakaponizunguka wanikumbushe nilikotolewa. Naogopa. Naogopa kwamba kufikia Jumapili jioni nitakuwa nimeshatoa nguo kwenye begi na kuzirudisha kabatini.

Lakini huyo Naomi anakuja Disemba. Ndiyo maana lazima nitoke. Nikishalala usiku mmoja kwenye kile chumba, hata kama ni sakafuni, nitampigia simu makao aje akione kwa macho yake, kabla mtu hajamwambia ana bahati.

Pumzika, Auntie. Ukiwa na nafasi huko, nishike sweta mpaka Jumatatu.

Ni mimi, binti yako wa kulea,
Faith