Kinshasa ya Mawe

Alhamisi

Moyo wangu umejaa fahari.

Vita vimefunga njia ya kwenda mji mkuu, basi Kinshasa nimewachorea watoto hapa Rugenge, kwenye uwanja wa shule. Mawe ni wizara, mistari ya majivu ni avenyu, zile barabara kuu, ndoo niliyoipindua ni nyumba ya rais. Leo Riziki, aliyekimbia mauaji ya Makobola na ambaye darasani hasemi, ndiye aliyekuwa akiwatembeza wenzake. "Mupite huku! Weye, usikanyage wizara!"

Akaingia askari wa waasi na bunduki yake. "Mwalimu, hii iko nini?"

Nikafungua kinywa nijibu. Riziki akanitangulia: "Iko Kinshasa. Na sasa wanapandisha bendera." Akainua kitenge chake juu ya kijiti, mbele ya ndoo.

Kwetu bendera ikipanda, kila mtu husimama pale alipo, hata wa baiskeli. Watoto wakasimama kimya. Nami pia. Na yule askari, miguu pamoja, mikono ubavuni, kama mwanafunzi.

Kisha akashtuka, kana kwamba amekumbuka anapigana na serikali ya Kinshasa, akageuka na kuondoka.

Naogopa atarudi na wakubwa wake. Lakini alitoka kwa kufuata avenyu yetu. Hakukanyaga hata wizara moja.