Skwea Nyeusi ya Kisaju

Naserian mjukuu wangu,

Sopa. Huku Kitengela tuko wazima, na nyanya yako anakusalimia. Umeuliza ununue reli gani ya kuongoza mbao kwenye mashine yako ya kupasua: ya ng'ambo, au ya mafundi wetu.

Nikiwa kijana nilinunua skwea ya kupimia pembe, ya ng'ambo, inayong'aa, na ile nyeusi niliyofuliwa na mhunzi wa Kisaju nikaitupa chini ya benchi. Milango niliyotengeneza ikaanza kukataa kufunga. Nikashuku mbao, nikashuku mashine, mwishowe nikamwambia mwenzangu Mutua kuwa anaichezea mashine nikienda chai. Akafunga vifaa vyake, akaondoka.

Siku moja mhunzi alipita. Akachora mstari kwa skwea yangu mpya, akaigeuza, akachora tena palepale. Mistari ikaachana; kumbe pembe yake haikuwa sawa. Ya kwake ikatoa mstari mmoja tu. Mutua alikuwa ameshahamia Namanga.

Kwa hivyo nunua ya hapa nyumbani, lakini nayo ipime. Ninakutumia skwea ya Kisaju. Usiiamini ati kwa sababu imetoka kwa babu. Igeuze kwanza, kabla hujashuku mtu.

Babu yako