Pampu ya Baba Mkwe Inanguruma Ndani ya Hadithi Zangu

Shikamoo Shangazi Ginka, naomba unishike mkono maana nimekwama na hapa nyumbani sina wa kumwambia. Mimi ni Radostina wa Troyan, kazi yangu ni kusoma vitabu kwa sauti, narekodi chumbani halafu natuma kwa kampuni moja ya mjini Sofia, sasa feni za kompyuta yangu zilikuwa zinapiga kelele nikaamua niipoze kwa maji, na hapo ndipo alipoingia baba mkwe wangu, mzee Stamen, ambaye tangu mama mkwe afariki majira ya baridi alikuwa anakaa tu jikoni anatazama ukuta, supu inapoa mbele yake, ukimsemesha hajibu. Siku hiyo akaniona na mipira yangu ya maji, akasimama mlangoni, akasema, "Binti, hapo unataka pampu ya maana," na mimi shangazi nilitaka kulia, nilikuwa nimeshaisahau sauti yake.

Basi akaenda bandani akarudi na pampu ya mtambo wake wa rakia, pombe yetu kali ya plamu, ile inayozungusha maji kwenye pipa la kupozea mvuke tunapopika plamu, akaifunga kwenye kompyuta yangu. Nikamwambia, "Baba, si kubwa mno hii?" Akanijibu, "Unataka ndogo ikufie katikati ya hadithi?" Kisha akamimina ndani ya maji rakia ile inayotoka mwanzo, kali isiyonyweka, eti utelezi usiote, na sasa tangi la plastiki limeanza vinyufa. Kompyuta haipati joto, siwezi kumsingizia, lakini meza inatetemeka na mngurumo unaingia kwenye kila ukurasa, kampuni wamenirudishia kitabu kizima, wamesema wakisikia tena trekta kazi wanampa mwingine. Mume wangu Ognyan yuko Uhispania na lori lake, nikimpigia anasema, "Funga ndogo, mdanganye mzee kwamba yake imeungua." Ndogo nimeshainunua, iko chini ya kitanda. Lakini kila jioni baba akishakula anakuja kukaa karibu na ile kompyuta, anainamisha kichwa, anasema, "Sikia, inapumua." Mama mkwe alifia usingizini, baba yuko chumba cha pili, hakusikia chochote. Nifanyeje shangazi, nipoteze kazi au nimrudishe mzee kwenye ukuta?

Radostina, Troyan

Marahaba Radostina. Pole mwanangu, na nifikishie pole kwa mzee.

Sasa nikukaripie kidogo. Kazi inaponyoka na wewe unaficha pampu chini ya kitanda kama mtoto aliyeiba jamu. Na huyo mumeo mwambie aendeshe lori. Mtu aliyepika rakia maisha yake yote utamdanganya kwamba pampu yake imeungua? Ataifungua mezani, ataikuta nzima, na hapo hatakuamini tena wewe wala pampu.

Leo hii, kabla ya lolote, zima kompyuta umwage hayo maji. Nimemuuliza fundi wa kompyuta wa hapa gazetini, akashika kichwa. Pombe kali inakula plastiki ya tangi, likipasuka linamwagikia mashine yote. Weka tangi jipya na maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi, pamoja na ile dawa yake ya kuzuia utelezi. Anasema pia kompyuta moja haihitaji nguvu ya pipa zima la plamu. Inatosha pampu ndogo ya volti kumi na mbili, inayokubali kupunguzwa kasi, ikae chini ya tangi isije ikazunguka kavu, na ilale juu ya kipande cha sifongo.

Halafu mwite mzee, umvalishe hedifoni, umsikilizishe kitabu kilichorudishwa. Usimweleze kitu, masikio anayo. Akishasikia, toa hiyo ndogo uiweke mbele yake useme, "Baba, hii naogopa itanifia. Ikague." Atainung'unikia, atakwambia ni ya kuchezea, mwache aseme. Sifongo akate yeye, mipira afunge yeye, kasi achague yeye. Ile kubwa airudishe kwenye mtambo, plamu zinakaribia kuiva na pipa litaihitaji.

Lakini kuna jambo umeliandika mwenyewe ukalipita. Umesema mkewe alikata roho na yeye hakusikia chochote. Sasa unashangaa anapenda kukaa na kitu kinachonguruma? Kimya ndicho kinachomtesa, Radostina, na hiyo pampu ndogo itakileta chumbani mwako jioni ileile atakayoifunga. Ataketi pale, atainamisha kichwa, hatasikia kitu. Usimwache hapo peke yake. Vuta kiti, fungua kitabu unachotaka kurekodi, umsomee yeye kwanza. Sauti unayo, muda wote huo umekuwa ukiipeleka Sofia.