Mabanzi ya Chumba cha Mama

Alhamisi, 6 Novemba. Miaka miwili tangu niondoke Makete.

Leo kazini kule Perry Barr, huku ughaibuni, tumebandua mbao za nje za nyumba, tukaziba nyufa na kuweka povu gumu la kuzuia baridi kabla ya mbao mpya. Niliegemeza shavu ukutani. Upepo uliokuwa ukipenya ulikuwa umekwisha, na sijui kama nilisinzia, nikamwona mama amelala bila kukohoa.

Jioni mdogo wangu Luka akapiga simu. "Kaka, mabanzi mapya ya ukuta wa nje wa chumba cha mama yamefika. Kesho napigilia."

"Subiri. Ziba kwanza nyufa za ndani kwa udongo, ujaze manyoya ya kondoo. Ni rahisi mabanzi ya zamani yakishatolewa, ukuta ukiwa wazi."

"Mkinga mzima, mzaliwa wa milima ya Makete, unaogopa baridi!"

"Anayekohoa ni mama, Luka."

Akakubali kusubiri, mabanzi ya zamani yabaki ukutani kwa sasa. Lakini kazi yenyewe haijui, na mikono yangu inayoijua iko huku...

Narudi Mei, kabla ya baridi ya Makete, tuifanye pamoja.