Alhamisi Kumi na Moja Zenye Matundu ya Pini

Mwaka umetimia, mdogo wetu, tangu moyo wako usimame kwenye ngazi za chuo, michoro ya wanafunzi ikiwa kwapani. Waliokuinua wanasema haukukunjika hata mmoja. Hata kuanguka ulianguka kwa adabu.

Wanafunzi walikuita Kifutio, kwa sababu vifutio vyao ulivikusanya mlangoni ukavitia kwenye kopo la maziwa. "Ukikosea, kosa likae tulisalimie," ulikuwa ukisema. Na nyumbani ulikuwa hivyo hivyo. Siku mkeo alipotia chumvi kwenye chai akidhani ni sukari, uliinywa yote ukasema, "Leo imekuja na mawazo mapya."

Anayeandika tangazo hili la kumbukumbu kwa niaba ya wote ni dada yako mkubwa, fundi cherehani. Tangu asubuhi ameshaharibu karatasi tatu. Shule yake iliishia darasa la saba, unajua. Ukiona maneno yamepinda, yasalimie tu.

Unaikumbuka ile fomu. Mpwa wako alipoingia masomo ya juu ya uchoraji, chuo kilimtaka achague. Kazi ya kujitegemea, mwaka mzima yeye na ubao wake, mwisho alete michoro kumi na miwili, ikikataliwa arudi nyumbani. Au kazi ya kuongozwa, mwalimu aipitie kila wiki. Wewe ulisema ajitegemee. Dada yako akaja juu.

"Mtoto umtupe peke yake?"

"Dada, hii ni karatasi, si mto. Akianguka halowi."

"Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wewe utaujulia wapi?"

Wewe na mkeo mlikuwa mmengoja mtoto miaka kumi na minne, na dada yako alilijua hilo alipofungua kinywa. Ulichukua kalamu ukajaza "kuongozwa", na jina la mwongozaji ukaandika lako. Neno lile hajaliombea radhi mpaka leo. Alikuwa anangoja siku nzuri.

Kila Alhamisi ulikuja, ukakaa kwenye kile kiti kisicho na mikono karibu na dirisha, ukamtazama akichora. Kazi yako ilikuwa kusema "Mm." Kisha unakwenda na mchoro kwako. Alhamisi inayofuata unaurudisha na ile karatasi nyepesi inayoonyesha chini, umeitandika juu ya mchoro na kuibana kwa pini nne, na masahihisho yako ya rangi nyekundu yako juu yake. Mchoro wenyewe hukuugusa. Mwanzoni zile karatasi zilikuwa kama mtoto mwenye surua.

Baadaye ukaanza kurudisha michoro mitupu. "Mm. Endelea." Basi. Mpwa wako akadhani umemkatia tamaa. Dada yako akadhani unalipiza lile neno. Hakuna aliyekuuliza. Halafu ukaondoka.

Tangu hapo mtoto akawa anachora mstari mmoja, anakitazama kiti, anaweka kalamu chini. Chuo kikamruhusu apumzike mwaka. Sasa fomu ikaja tena, irudi Jumatatu, la sivyo nafasi yake apewe mwingine.

"Mama, nichague nini?"

Asubuhi dada yako alisema kuongozwa. Jioni akasema kujitegemea. Kesho yake akasema tena kuongozwa, lakini na nani?

"Mama, umekuwa feni. Unageuka huku, unageuka huku, na mimi nasikia upepo tu."

Ni kweli.

Wiki iliyopita alikuwa anakata patani za mikono ya gauni kwenye karatasi nyepesi zilizokuwa ndani ya boksi lako alilopewa na mkeo. "Chukua, wifi, ni nyeupe, hazijatumika." Ameshakata mbili, ya tatu ikamsimamisha mkasi. Pembeni kulikuwa na matundu ya pini, pembe zote nne, na chini tarehe ndogo nyekundu. Fundi nguo hapitwi na tundu la pini, na yeye hakuwa amebana kitu. Akamwita mtoto. Wakaitoa michoro chini ya kitanda, wakatandika karatasi juu yake. Tundu kwa tundu. Alhamisi kumi na moja za mwisho, zote ulizibana, ukautazama mchoro chini yake, ukazibandua bila kuchora kitu.

Dada yako bado hajui. Hukuona kosa, au mkono ulikuwa umeshaanza kuchoka usituambie? Anaamka na jibu moja, akifika jikoni ana jingine. Mpwa wako yeye anasema, "Mama, aliyechoka habani pini nne."

Akajaza mwenyewe. Kujitegemea. Penye jina la mwongozaji akapiga mstari mmoja, mrefu, bila kutazama kiti.

Jana akasema, "Mama, kaa pale. Usiseme kitu." Dada yako akakaa kwenye kile kiti. Mstari mmoja ulipotokea ambao kwake yeye ulionekana umepotea njia kabisa, ikamtoka: "Mm."

"Mama!"

"Nimekohoa."

Mtoto alicheka, na mkono wake haukusimama.

Nanyi wazazi mnaosoma hapa, sikieni la mwenzenu. Hofu yenu msiijaze kwenye fomu ya mtoto. Na neno baya mlilolisema, msilingojee siku nzuri. Dada huyu aliingoja, na sasa anaomba radhi kwenye gazeti.

Tusamehe, mdogo wetu. Na zile Alhamisi mbili zilizokatwa kuwa patani za mikono ya gauni, usikasirike, tumezihifadhi pamoja na nyingine.

Unakumbukwa na mkeo, anayekunywa chai yake polepole, kaka yako mkubwa, dada yako fundi cherehani, shemeji yako, wanafunzi wako wote, na mpwa wako, ambaye hatukumwita aje kusaini, yuko kwenye ubao.

Kopo la vifutio tumeliweka mlangoni kwetu. Maadamu liko pale, na wewe uko nasi.