Jaketi la Weikko

Gladstone, Michigan
Novemba, siku ya theluji ya kwanza

Shemeji yangu Urho,

Salamu kwanza, maana hata watu waliosusiana husalimiana. Hujambo? Magoti yanaendeleaje na hilo jua la Arizona? Mimi sijambo, mgongo tu ndio unanikumbusha umri. Asubuhi nimeoka mkate wa iliki, ule uliokuwa ukiuiba ungali moto, nikakukumbuka, nikasema leo namwandikia, liwalo na liwe.

Kaka yako Tauno mwili wake ni mzima. Akili ndiyo inamtoka. Ilianza kwa funguo, yakafuata majina, na wiki hii Tauno ameniuliza, kwa adabu kabisa, eti mimi ni mke wa nani. Nikamjibu mke wa mzee mmoja mkaidi. Akanipa pole. Nilicheka, Urho, kisha nikaingia stoo nikalia.

Lakini samaki wake wolai hajawasahau. Giza la Novemba likianza kuingia, wolai wakasogea kwenye mawe ya ufukweni, huyo anavaa buti zake ndefu za mpira na kushika njia ya ghuba. Daktari aliniambia nifunge milango. Nikafunga, naye akatoka kupitia dirishani, mzee wa umri ule! Nilimkuta gatini, jaketi la kuokolea limefungwa vifungo vyote, hajatia hata kidole majini. Nikamuuliza anangoja nini. Akanitazama kama mtu asiyejua kitu: "Mama, usiku haendi mtu peke yake. Namngoja Urho."

Unazijua sheria zake, zile mlizokuwa mkimwitia kamanda. Jaketi kabla ya mguu kuingia mashuani. Kamba ya kuzimia injini ifungwe mkononi. Nyumbani waambiwe mnaelekea wapi. Na ukojoe nchi kavu, maana wangapi wamekufa maji zipu ikiwa wazi! Jina langu limemtoka, sheria zimebaki, nazo ndizo zinazomweka hai. Kila jioni nikawa namwambia umepitia dukani kununua chambo. Anakubali, anarudi ndani akinung'unika kwamba huyo Urho kwa kuchelewa hajambo.

Juzijuzi uongo huo ulikataa. Alilia kama mtoto, akisema umekufa maji na sisi tunamficha. Nikashindwa. Nikachukua kofia yako nyekundu ya masikio uliyoiacha msumarini, nikajifunga skafu mpaka puani, nikampeleka bandani kwenye mashua iliyo juu ya tela. Usinicheke. Alipanda, akanivalisha jaketi, akakagua vifungo kimoja kimoja na kuvuta mkanda mpaka mbavu zikaniuma. Kisha akaketi, akaanza kuniambia mambo ambayo hayakuwa yangu.

Kama umesimama, shemeji, kaa chini.

Alisema jaketi la mdogo wenu Weikko halikusahauliwa popote. Asubuhi ya siku ile aliyokufa maji, Tauno mwenyewe alilichukua mashuani akaenda nalo kuwinda bata, kwa kuwa lake lilikuwa limekatika kifungo, akaliacha nyuma ya kiti cha gari lake. Hakumwambia mtu. Jioni mkatoka wewe na Weikko, jaketi halionekani, mdogo wenu akakwambia achana nalo, wolai wanakula, twende. Akainama na wavu, akatumbukia, ikawa ndiyo mwisho wake. Na siku ya mazishi, kule ukumbini chini ya kanisa, watu wote wameshika vikombe vya kahawa, nani alikunyooshea kidole kwamba umemuua mdogo wenu kwa uzembe? Tauno huyuhuyu. Usiku ule alilichoma lile jaketi kwenye jiko la bafu la sauna. Harufu yake naikumbuka. Aliniambia ni buti kuukuu, nami nikafungua madirisha.

Alipomaliza alinishika mkono. Akasema: "Mdogo wangu, utanisamehe?"

Neno lilikuwa tayari ulimini. Mtu huyu nimelala naye maisha yangu yote, ningempa. Lakini nilikuwa nimevaa kofia yako, Urho, na jibu si langu. Nikakohoa tu. Akasema basi, utamjibu mkirudi nchi kavu.

Sikwambii usamehe. Mimi mwenyewe jana nilimsonya kutwa nzima, naye masikini hajui kosa lake, ananishukuru kwa kila kikombe cha kahawa. Nina hasira naye na nampenda, na sina wa kumwambia ila wewe. Ninalotaka ulisome kwa mwandiko wangu, hata kama barua iliyobaki utaichana, ni hili: Weikko hukumuua wewe.

Maji ya ghuba yameanza kuganda ukingoni. Barafu ikikaza, msimu umekwisha, na daktari anasema msimu ujao hata jina lako atakuwa hanalo. Kwa sasa analo bado. Kila jioni anapanda mashuani kule bandani, amevaa jaketi lake, na mahali pako pa mbele ameliweka lako, limekunjwa, akingoja jibu.

Wasalimie wote hapo kwako, na ujifunike kifua, maana huku baridi imeshatufikia.

Kofia nimeirudisha msumarini. Sitaivaa tena.

Ni mimi shemeji yako,
Lempi