Rashidi Hapandiwi Mti Huku

Mama yangu,

Shikamoo. Vipi miguu, bado inakusumbua ukipanda kile kilima cha kisimani? Na mihogo ya bondeni, nguruwe wamekuachia chochote? Mimi mwili mzima, moyo ndio umechubuka. Vaa miwani usome mwenyewe, na ukae kwanza. Barua hii nimempa askari anayerudi likizo, maana yaliyomo hayasemeki kwenye simu.

Najua ulikwenda Gwata kumzika Rashidi. Nimesikia pia mama yake aliambiwa na watu wa kampuni yao ya malori kwamba ni ajali ya barabarani. Uongo, mama! Uongo mtupu, na mimi nilishuhudia kwa macho yangu.

Kambi hii ya walinda amani inaishi kwa jenereta. Wadi ya majeruhi, redio, taa za uzio, vyote vinakunywa mafuta usiku na mchana. Mafuta yanakuja kwa malori kupitia barabara ya msituni, na msituni kuna watu wenye bunduki wanaoyasubiri. Rashidi alikuwa dereva wa lori mojawapo. Mimi nimeletwa kupanga sola ili malori yapungue. Narusha droni, napiga picha, naziingiza kwenye programu ya ramani, nayo inanionyesha paa lipi linapata jua na kivuli kinaangukia wapi. Alikuwa akiingia ofisini kwangu na mavumbi yake, anachungulia kompyuta na kunitania, "Zuhura, miaka yote ile ya shule, kumbe ulikuwa unasomea vivuli?" Namjibu, "Nakupunguzia safari, mjinga wewe." Basi tunacheka. Ugenini, mtu wa Gwata na mtu wa kwetu Msimbu ni tumbo moja.

Paa lililofaa kuliko yote lilikuwa la ghala kubwa, lakini limezungukwa na miti. Na miti yenyewe ina wenyewe. Hapa askari akiuawa, wenzake wanampandia mti pale ghalani, wanaumwagilia, wanakaa chini yake kumzungumzia. Nilipompelekea mpango wangu Meja, mkuu wa kambi, nikamwambia miti ikatwe, alinitazama kama nimemtukania mzazi. "Hao ni vijana wangu," akasema. "Hawauawi mara ya pili." Hata Rashidi alinuna, maana mti mmoja ulikuwa wa rafiki yake. "Waache watu na miti yao, dada. Barabara ile naijua mimi." Bila lile paa sola isingetosha kitu, kwa hiyo mpango ukalala na malori yakaendelea.

Siku yenyewe, asubuhi, nilikuwa nimerusha droni kupiga picha za uzio. Nikaona msafara unakaribia mto, nikaisogeza droni niwaone wanavyoingia. Lori la mbele likalipuka. Picha haina sauti, mama, ila mlipuko ulinifikia kupitia dirishani, vyombo vikaanguka mezani. Watu wakatoka vichakani wanafyatua risasi ovyo. Rashidi aliruka kutoka lori la pili, akakimbia, akafika mtaroni. Pale angepona! Akageuka. Utingo wake alikuwa amenasa ndani, moto umeshaanza. Akarudi, akamshika mikono, akamvuta mpaka nje, na shati lake mwenyewe linawaka. Ndipo walipompiga risasi za mgongo, akaanguka juu ya yule kijana, wakampiga tena amelala. Nilikuwa napiga kelele peke yangu ofisini kama mwehu. Askari walipofika mtoni, utingo alikuwa hai chini yake.

Hiyo ndiyo ajali ya barabarani.

Jeneza lilipoondoka kuja huko, Meja akaniita ghalani. Kikosi kizima kimejipanga, shimo limechimbwa, na mkononi ana mche wa mwarobaini. Akasema Rashidi hakuwa askari lakini amekufa kama askari, na kwa kuwa mimi ni wa kwao nimpandie. Mama, damu ilinipanda kichwani. Nikamwambia mbele ya watu wote, "Huu mti ukikua utatia kivuli wapi, afande? Juu ya paa. Paa likikosa jua tutaleta nini? Mafuta. Na mafuta yataletwa na nani?" Nikampokonya ule mche, nikautupa, nikachukua shoka la jikoni, nikaupiga mti wa kwanza. Najua utasema hasira hasara. Sajenti mmoja akanikamata, nikamsukuma, akanipiga kibao mdomo ukachanika, nikalishika shoka lile lile nikapiga tena. Mti ule ulikuwa wa mdogo wake wa kuzaliwa, mimi sikujua. Akanipokonya shoka. Nilidhani ataniua. Akausimamia mti, akaushika gome, akaanza kuukata mwenyewe huku analia kwa sauti. Wengine wakafuata mapanga, kila mmoja kwa mti wa mtu wake. Meja alivua kofia, hakumzuia mtu.

Sasa mafundi wako juu ya paa wanafunga paneli. Malori bado yanakuja, lakini machache, na yataendelea kupungua. Sajenti ameniomba radhi, nami nimemwomba. Mdomo umepona.

Nenda Gwata, mama, usipige simu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, kwa hiyo kaa naye karibu, umweleze yote kama nilivyokuandikia. Mwambie mwanawe alishafika mtaroni, akarudi.

Nisalimie baba mdogo, mwambie asiuze lile shamba kabla sijarudi. Shangazi wa Kibaha mpe pole ya mgongo. Shemeji na watoto wake wote wabusu, hata yule mtundu.

Na ukienda Gwata usiende mikono mitupu. Chimbua mche wa mfenesi pale nyuma ya jiko letu, upande uani kwa mama Rashidi. Mwambie kivuli cha mwanawe akikalie yeye, maana huku kingemwita dereva mwingine.

Mwanao,
Zuhura